Wolai wa asubuhi Leech Lake: mwongozo kamili kwa mnaorudi mikono mitupu

Kila Jumatatu simu ni ile ile, kutoka kwa wenzangu wa huku Minnesota, Marekani, wanaomsaka wolai (walleye), samaki wa ziwani, kwenye Leech Lake. "Kaka, jana tulikuwa Leech Lake, watu wanne, boti tumekodi, tumekaa mpaka jua limetubabua, hamna kitu, vipechi (visamaki vya perch) viwili vya ukubwa wa kidole." Nikiuliza mliingia majini saa ngapi naambiwa saa tatu asubuhi. Mmoja mwezi uliopita kaniambia saa tano, eti walipitia kwanza kuchukua kuku wa kuchoma.

Fimbo zenu ni nzuri kuliko yangu, nimeziona. Kinachowaangusha ni saa na kina, basi. Jicho la wolai lina utando kwa nyuma unaorudisha mwanga, kama jicho la paka ukilimulika na tochi, ndo maana yeye anaona vizuri kwenye giza giza wakati ule ambao visamaki anavyovila vinapapasa tu, na hapo ndo anapanda mwambani kula. Jua likishasimama ile faida inaisha, anashuka kwenye kina anatulia. Sisi wa Mwanza tumezoea karabai inawashwa ili dagaa waje, huku mambo yamegeuka, mwanga ukizidi samaki anaondoka.

Naongelea mwisho wa Juni mpaka katikati ya Agosti, boti ndogo ya kukodi, na njia moja tu: boya la kuteleza na ruba. Njia ziko nyingi, lakini hii ndo rahisi kwa mtu anayeanza na inavua kweli.

## Vitu vya kuwa navyo

Fimbo nyepesi ya futi sita na nusu au saba, yenye ncha laini. Ile nene mliyonunua kwa ajili ya kambale iacheni nyumbani, wolai akigusa hutamsikia.

Mshipi wa kuhimili paundi 6 mpaka 8, wa kawaida usio na rangi. Najua mtu aliyekulia kwenye sangara anaona huu ni uzi wa kushonea nguo. Mimi pia nilianza na paundi 30 nikawa navua maji matupu wakati mzee wa boti ya jirani anaopoa tu. Mshipi mnene unaonekana, afu unamfanya ruba asicheze.

Ndoano ndogo, namba 6 au namba 4. Namba ikipanda ndoano inapungua, msichanganye.

Boya la kuteleza, yaani lile lenye tundu katikati mshipi unapita ndani yake, sio lile jekundu na jeupe la kubana. Pamoja nalo shanga ndogo na fundo la uzi la kuzuia, kawaida vinauzwa pakiti moja. Na machubwi madogo ya kubana na meno au plaizi, tumia plaizi tafadhali, ile ni madini ya risasi.

Ruba wakubwa dazeni tatu kwa watu wawili. Dukani ukisema "lichi" wanajua. Na ndiyo, jina la ziwa lenyewe maana yake ni Ziwa la Ruba, Waojibwe wenye ardhi hiyo waliliita hivyo kwa lugha yao zamani.

Vingine: wavu wa mkono wenye mpini mrefu, plaizi ya mdomo mrefu, rula ya kupimia samaki, taa ya kichwani, nanga yenye kamba isiyopungua futi 100, kuliboksi lenye barafu, dawa ya mbu, jaketi la baridi hata kama mchana itakuwa joto kali, chupa ya chai. Laifujaketi moja kwa kila kichwa, na mtoto chini ya miaka 10 lazima awe amelivaa boti ikitembea, hiyo ni sheria ya Minnesota.

Sonari, kile kiskrini cha kuonyesha kina, boti nyingi za kukodi zinakuwa nacho. Uliza kabla hujalipa. Bila hicho unatafuta ukuta gizani.

## Hatua ya 1: Maliza sheria usiku uliopita

Leseni ya uvuvi kila mtu mwenye miaka 16 kwenda juu, unanunua kwa simu dakika tano. Mshipi mmoja tu kwa kila mtu wakati wa kiangazi, hata kama una fimbo nne.

Idadi na urefu wa samaki wa kubeba, Leech Lake ina kanuni zake. Usibebe kanuni uliyosikia kwa ziwa lingine wala ya mwaka juzi, ingia kwenye ukurasa wa DNR, idara ya maliasili ya jimbo, tafuta jina la ziwa, piga picha ya skrini uwe nayo maana katikati ya ziwa mtandao unakatika. Huwa nasisitiza hili kwa sababu wengi wetu huku tuko kwenye makaratasi ya uhamiaji, na faini ya samaki ni kitu cha kijinga sana kuwa nacho kwenye jina lako.

## Hatua ya 2: Lala huko huko

Kutoka Minneapolis mpaka Walker, mji ulio kando ya ziwa, ni masaa matatu na nusu hivi. Ukisema utatoka nyumbani saa sita usiku uendeshe uvue ndo urudi, sitakuzuia, ila kulungu wamejaa barabarani na utafika umechoka. Kodi chumba au weka hema, Stony Point kuna kambi ya msitu wa taifa wa Chippewa na rampu ya boti iko pale pale.

Jioni ukiwa umefika fanya kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu anafanya: ingia majini saa moja kabla ya giza bila kuvua. Zunguka na sonari, tafuta mwamba. Unaangalia sehemu ambayo chini ni futi 20 afu ghafla inapanda mpaka futi 8 au 10. Ukiipata weka alama kwenye ramani ya simu au ya sonari, zunguka uone upande upi umeporomoka kwa mkato. Huo upande wa mkato ndo ofisi yako ya kesho.

Kazi hii ukiiacha mpaka alfajiri utapoteza ile saa yenyewe ya samaki ukitafuta mawe.

Ziwa hili ni zaidi ya kilomita za mraba 400 na sehemu kubwa yake haina kina kirefu, ukitoa Walker Bay ambayo ni shimo kabisa. Maji yasiyo na kina yakipigwa na upepo yanachafuka haraka, mawimbi mafupi mafupi yanayopanda mpaka ndani ya boti. Kwahiyo chagua mwamba unaoweza kurudi nao ufukweni ndani ya dakika kumi. Boti ya futi 16 haina ushujaa.

## Hatua ya 3: Funga mitego kabla hujalala

Gizani na mbu huwezi, fanya mezani ukiwa na mwanga. Mpangilio kutoka juu kwenda chini: fundo la uzi, shanga, boya, chubwi, ndoano.

Fundo la uzi linakuja kwenye kijimrija. Pitisha mshipi kwenye mrija, sukuma fundo liingie kwenye mshipi, toa mrija, vuta ncha mbili likaze, kata mabaki. Lisikazwe mpaka likagoma, linatakiwa liteleze ukilivuta kwa kucha. Afu shanga, afu boya, afu ndoano mwishoni, na chubwi moja au mawili juu ya ndoano kama urefu wa kiganja na nusu.

Kwa nini boya la kuteleza? Kwa sababu ukiwa unatupa, boya linashuka mpaka kwenye chubwi, unatupa kitu kifupi. Likifika majini chambo kinashuka kikivuta mshipi kupitia boya mpaka fundo ligonge shanga, hapo kinasimama kwenye kina ulichotaka. Unaweza kuvua futi 12 chini na fimbo ya futi 7. Lile la kubana haliwezi.

Umefaulu kama: ukishika boya mkononi mshipi unapita wenyewe bila kukwama, na fundo linazuiwa na shanga. Fundo likipenya kwenye boya, shanga umeisahau. Kila mtu anaisahau mara ya kwanza.

## Hatua ya 4: Saa kumi na nusu alfajiri uwe kwenye boti

Mwisho wa Juni jua linachomoza karibu na saa kumi na moja na nusu, katikati ya Agosti ni kama saa kumi na mbili na robo. Unataka nanga iwe imeshatulia nusu saa kabla. Samaki wanakula toka mwanga wa kwanza mpaka kama saa mbili, siku ya mawingu na upepo kidogo mpaka saa nne hata.

Washa taa za boti, vaa laifujaketi, nenda taratibu. Radi ikisikika hata mbali kabisa hamuingii, na kama mko ndani mnatoka. Hapo hakuna mjadala.

## Hatua ya 5: Nanga, hapa ndo wengi mnaharibu

Msipite na injini juu ya mwamba. Kwenye futi 8 za maji unamfukuza kila mtu. Zunguka kwa mbali, nenda upande upepo unakotokea, zima injini, shusha nanga polepole kwa mkono bila kuitupa, afu acha upepo uirudishe boti mpaka mkae umbali wa kutupa mshipi kutoka ule ukingo wa mkato.

Kamba itoke ndefu, kama kina ni futi 15 toa 75 au zaidi. Kamba fupi inanyanyua nanga badala ya kuilaza, mtajikuta mmesogea kila dakika tano.

Nanga inafungwa mbele ya boti. MBELE. Ukifunga nyuma, ule uzito wa injini na mawimbi yanaingia kwa nyuma, boti inajaa maji na watu wanakufa kwa kitu hicho kila pahali duniani, Ziwa Victoria mnajua wenyewe.

Kama kuna upepo kidogo wa kuvuruga uso wa maji, furahini, mwanga unavunjika na wolai anabaki mwambani muda mrefu. Asubuhi ya maji kama kioo ni nzuri kwa picha tu.

Umefaulu kama: dakika kumi zimepita na ule mti mliouchagua ufukweni bado uko pale pale mkilinganisha na mti wa nyuma yake.

## Hatua ya 6: Pima kina, usikisie

Bana chubwi kubwa kwenye ndoano, tupa pale utakapovua. Boya likizama lote, fundo liko karibu mno na ndoano, chambo hakijafika chini wakati uzito ndo unaovuta boya. Shusha fundo... hapana, ngoja niliseme vizuri maana hapa hata mimi huwa nachanganya maneno: boya likizamishwa, ongeza urefu kati ya fundo na ndoano. Boya likilala ubavu, umezidisha, uzito umekaa chini. Unatafuta pale boya linaposimama wima kwa shida, hicho ndo kina kamili. Toa chubwi kubwa, punguza urefu kama futi moja.

Sasa ruba anaelea futi moja juu ya mawe. Wolai anaangalia mbele na juu, chambo kikiwa chini yake hakioni, kikiwa futi sita juu yake hapandi. Futi moja. Mkisogea, pimeni upya. Hatua hii inachukua dakika tatu na ndo tofauti ya boti mbili zilizokaa pamoja, moja inapata nyingine inapiga picha za mawio.

## Hatua ya 7: Ruba kwenye ndoano

Ruba ana ncha mbili zote za kunyonya, ya mkiani ndo pana zaidi. Ndoano ipite mara moja tu hapo kwenye ile pana, mwili wote ubaki huru anyooke na kuogelea. Ukimkunja mara tatu kama minyoo anakuwa kidonge.

Atakung'ang'ania kidole, hana madhara, mfute kwenye suruali. Dada mmoja tuliyekuwa naye alipiga kelele mpaka boti za jirani zikaja kuuliza kama kuna mtu ameanguka, saa nzima baadaye ndo alikuwa anatuvulia wote.

Ruba wakae baridi muda wote, ndani ya kuliboksi kwenye kikopo chao. Maji yakipata joto wanalegea. Badili ruba kila asipocheza tena, hata kama bado mzima.

## Hatua ya 8: Boya linazama, usiruke

Tupa kwa upole kuelekea ukingo, acha boya litembee na upepo kando ya mwamba. Kila dakika moja inua ncha ya fimbo kidogo ruba apande afu ashuke. Boya likitoka nje ya ukingo rudisha, tupa tena. Dakika 20 bila kitu, ongeza kamba ya nanga futi kumi msogee. Dakika 40 bila kitu, hamieni upande mwingine wa mwamba.

Sasa boya linazama. Wolai hagongi kama sato anayekimbia, yeye anamnyonya ruba na kusimama, boya linainama, linateremka polepole kama mtu anashuka ngazi. Mwili wako utakwambia vuta! Usivute. Elekeza fimbo kwenye boya, zungusha rili taratibu mpaka ulegevu wote uishe na usikie uzito upande wa pili, hapo inua fimbo kwa mwendo mmoja mrefu. Ukivuta mshipi ukiwa umelegea unavuta hewa, na mtego wa boya una ulegevu mwingi kuliko mnavyodhani.

Akishanasa, acha fimbo ipinde, breki ya rili iwe imelegezwa kiasi cha yeye kuweza kuvuta akitaka. Anagonga kichwa chini chini, mara mbili tatu, halafu anapiga mbizi akiona boti. Wavu uwe majini tayari, mlete kichwa kwanza, usimfukuze na wavu kwa nyuma.

Akikata mshipi kama wembe na kutoweka, yule alikuwa paiki au maski, samaki wakubwa wenye meno makali. Funga ndoano nyingine, usilie.

## Hatua ya 9: Kushika, kupima, kuachia

Mapezi ya mgongoni ni miiba na mfuniko wa shavu unakata. Lowesha mkono, laza mapezi kwa kiganja kuanzia kichwani kwenda mkiani. Usiingize kidole mdomoni, meno anayo.

Pima mdomo umefungwa, mkia umebanwa. Kama haruhusiwi kubebwa, arudi majini haraka, sio baada ya kila mtu kupiga naye selfi. Maji ya Julai yana joto na samaki anachoka vibaya. Ndoano kama imemezwa kata mshipi, ana nafasi nzuri kuliko ukianza kumchokonoa. Na wale mama wakubwa, hata kama sheria inakuruhusu mmoja, mimi nawaachia, nyama yenyewe sio tamu kama ya inchi 15 au 16 na zebaki inajikusanya zaidi kwa wakubwa. Kina mama wajawazito na watoto wafuate ushauri wa idara ya afya ya Minnesota kuhusu kula samaki wa maziwani mara ngapi.

Unaobeba walale kwenye barafu hapo hapo. Msikate minofu mkiwa majini, samaki abaki na kichwa na mkia ili apimike wakikusimamisha.

## Ikigoma

Jua limepanda na maboya yamelala: ondokeni juu ya mwamba, teremkeni kwenye mguu wake futi 18 mpaka 25, pimeni kina upya.

Mnapata vipechi tu: mko ndani sana kwenye majani, au chambo kiko juu mno.

Kuna wiki wadudu wa mayiflai wanatoka majini kwa mawingu, ukuta wa choo unafunikwa, mtu wa Ziwa Victoria ataona kama wale wadudu wanaotanda kama moshi. Wolai wanashiba hao hao. Siku hizo tumia kipande cha ruba au ruba mdogo kabisa, na mvumilie.

## Hatua ya 10: Kutoka majini

Rampuni, kabla ya kuingia barabarani: toa plagi ya boti maji yote yamwagike, toa kila jani kwenye trela na injini. Ni sheria, kwa sababu ya kome pundamilia na viumbe wengine wanaosafiri ndani ya maji kidogo tu kutoka ziwa hadi ziwa. Ruba waliobaki kama unataka kuondoka nao badilisha maji ya kikopo uweke ya bombani uliyokuja nayo, la sivyo tupa kwenye pipa la taka. Usiwamwage ziwani. Plagi inabaki nje safari nzima.

Ikishatoka ifunge kwenye ufunguo wa injini kwa kamba, ili boti isiweze kuwaka bila wewe kuishika mkononi. Mimi sikufanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikashusha boti saa kumi na nusu alfajiri, gizani, plagi ikiwa kwenye mfuko wa suruali ya jana, na nilichosikia kwanza ni viatu kulowa.